Mafunzo ya kimataifa ya kupunguza hatari za maafa: tathmini yangu kutoka Nyando, Kenya

Siku ya mwisho ya kozi tulipewa fomu ya tathmini. Malazi yalikuwaje? Chakula? Mhadhiri alieleweka? Zungushia namba, 1 hadi 5. Wengi wetu tulizungushia 4 na 5, kwa sababu wenyeji wetu walikuwa wakarimu na si adabu kumkosoa mtu ukiwa bado chini ya paa lake. Swali ambalo mtu wa Nyando angetaka kulijibu halikuwemo: je, mvua ya masika ikinyesha milima ya Nandi, haya tuliyofundishwa yatamtoa mtu wa uwanda wa Kano, huku chini, nyumbani kabla maji hayajafika dirishani? Nalijibu hapa, maana watu kadhaa wa kaunti za huku wananiuliza kama waombe nafasi.

Mimi hufanya kazi na kamati za maafa za vijiji upande wa Ahero. Mafunzo yalikuwa Japani, yamedhaminiwa yote: tiketi, malazi, posho ya chakula. Waandaaji sitawataja kwa sababu yapo nitakayoyalalamikia.

Mwanzo ulikuwa wa mihadhara, na ulichosha. Mhadhiri anasema kwa Kijapani, mkalimani anageuza kwa Kiingereza, kwa hiyo saa mbili darasani unatoka na maarifa ya saa moja. Tulipitishwa kwenye makubaliano ya kimataifa ya kupunguza maafa: Mkakati wa Yokohama wa 1994, Mpango wa Hyogo wa 2005, kisha Mwongozo wa Sendai wa 2015 wenye vipaumbele 4 na malengo 7 ya kufikiwa kabla ya 2030. Mambo haya ukiwa na intaneti utayasoma Ahero ukiwa umekaa chini ya mwembe. Si lazima upande ndege.

Halafu wakatupeleka kuona handaki la mafuriko la Kasukabe, kaskazini mwa Tokyo. Lina urefu wa kilomita 6.3, liko mita 50 hivi chini ya ardhi, na kazi yake ni kupokea maji ya mito midogo inayotaka kufurika na kuyasukuma hadi mto Edo. Nguzo za tangi lake ni 59, kila moja mita 18 kwenda juu. Tulipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Ni kitu cha kuvutia, lakini mwananchi wa Budalang'i anayengoja tuta la mto Nzoia lizibwe hana cha kufanya na picha hizo, na mwelekezaji wetu hakutuonyesha hatua za katikati, kwamba walianzia wapi walipokuwa hawana fedha za kuchimba chochote.

Kobe ndiko nilikoanza kuandika kwa bidii. Tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,400. Kwenye jumba la kumbukumbu walitueleza kwamba wengi waliofukuliwa wakiwa hai walitolewa na jamaa na majirani zao, si na vikosi vya uokoaji. Hilo halikunishangaza. Lililoniumiza ni la baadaye: nyumba za muda ziligawiwa kwa kura, majirani wakatawanywa huku na kule, na wazee wakawa wanafia humo peke yao bila mtu kujua. Nilifikiria wazee wetu wanaohamishiwa kambini, huyu huku, yule kule, kwa sababu lori lilijaa.

Na kama ningeruhusiwa kurudia sehemu moja tu ya kozi nzima, ningechagua mchezo wa karata. Unaitwa HUG, kifupi cha Kijapani cha mchezo wa kuendesha kituo cha waliokimbia maafa, ulibuniwa mkoa wa Shizuoka mwaka 2007, una karata 250. Mezani kuna ramani ya shule: ukumbi, madarasa, uwanja, vyoo. Ninyi ndio wasimamizi wa kituo usiku ule wa maafa. Msomaji anatoa karata moja baada ya nyingine wala hangoji. Familia ya watu wanne, baba ana homa na anakohoa. Mzee asiyeweza kutembea. Mtu na mbwa wake. Mablanketi yamefika, nani anapokea? Waandishi wa habari wako langoni. Kila karata lazima ipate mahali pake kwenye ramani, na nyingine inakuja.

Muda si muda meza yetu ilikuwa vurugu tupu. Aliyetuokoa ni mwenzetu wa Malawi, aliyehudumu kambini Blantyre baada ya kimbunga Freddy cha 2023. Acheni njia katikati ya ukumbi kabla hamjalaza mtu, akasema, halafu wapangeni watu kwa vijiji vyao. Sisi tulikuwa tunawapanga kwa aliyetangulia kufika.

Yeyote aliyeona shule ya msingi ya Kano ikigeuka kambi, iwe 2020 Ziwa Victoria lilipopanda na kuipita rekodi ya 1964, iwe 2024, anajua kwamba vurugu hiyo ndiyo hali yenyewe. Nilirudi tukaandika karata zetu, kwa Kiswahili na Dholuo, kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya katoni. Mjane ana ng'ombe wawili na haondoki bila wao. Baba anatumia ARV, dawa zimebaki kwenye nyumba iliyofurika. Mama ana uchungu wa kuzaa na bodaboda haipiti. Mwalimu mkuu yuko Kisumu mjini na ufunguo wa madarasa uko mfukoni mwake. Chifu ameleta magunia 10 ya mahindi, kaya ni 60. Mwanasiasa anataka kugawa unga kwa mkono wake mwenyewe, mpiga picha ameshasimama tayari. Hiyo karata ya mwanasiasa ilizua kelele kuliko zote, mpaka mzee wa kijiji akaomba tuiweke kando tusije tukakosana.

Kisha nyanya mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akauliza, "Mwanangu, na maiti je? Tuko kwenye matanga, mwili uko nyumbani unangoja kuzikwa, maji yanaingia. Karata yake iko wapi?" Shizuoka hawakuiweka. Sisi tumeiweka, na kamati ilibishana kuihusu karibu mchana wote: nani anabeba, jamaa wakikataa inakuwaje, darasa gani lisilo na watoto. Sijawahi kuona mhadhara uliowafanya watu wa kijiji wapange namna hiyo.

Sasa malalamiko. Kwanza maonyo. Japani simu za watu hulia, mara nyingi kabla tetemeko halijawafikia, na tulifundishwa hayo kwa kirefu. Mhadhiri aliponiuliza kwetu onyo linafikaje, nilimwambia: redio ya Dholuo, mzee wa kijiji, na shemeji ya mtu aliyeko Nandi Hills anayepiga simu kusema huku juu kumenyesha vibaya. Darasa likacheka. Lakini Kano hufurika jua likiwaka, kwa sababu maji hayo ni ya mvua ya Nandi na Kericho, na hiyo simu ya shemeji mara nyingi ndiyo ya kwanza. Nilitaka kujua namna ya kuifanya iwe ya kutegemewa, ipigwe na mtu anayejulikana, wakati unaojulikana. Umoja wa Mataifa una mpango wa maonyo ya mapema kwa wote kufikia 2027. Kwenye kozi yetu ulipata slaidi moja.

Mkenya mwenzangu alitoka Nakuru, naye alikwenda na maswali ya huko. Solai, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Mai Mahiu, alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka chini ya reli yaliachia kwa kishindo na kufagia nyumba. Nani hukagua vizuizi vidogo kama hivi, kwa ratiba ipi, na mwananchi akiona ufa amwambie nani? Mada haikuwa kwenye ratiba, na ratiba haikuguswa.

La mwisho ni mpango kazi. Kila mshiriki aliandika wake, akauwasilisha kwa slaidi, akapigiwa makofi. Fedha za kuutekeleza: hakuna. Miezi baadaye ikaja barua pepe yenye fomu nyingine ya 1 hadi 5. Mchezo wetu wa katoni na chai ya siku ile tulichangishana wenyewe.

Kwa kipimo chao basi, naipa 3. Ingekuwa 4 kama wangechagua watu vizuri zaidi. Waombaji hutakiwa kuwa na shahada na barua ya mwajiri, na hapo mama wa kujitolea anayejua kila nyumba ya Kakola hana njia, huku mtu wa makao makuu anakwenda kwa kozi ya tatu. Kama wewe uko ofisini na hujawahi kulala kambini, mwachie nafasi mtu wa wadi. Kama ni wewe wa wadi na barua unayo, omba. Pasipoti utaishughulikia Kisumu hapa hapa, viza ndiyo itakayokupeleka Nairobi. Na mapema kabisa waombe waandaaji seti ya HUG ya kurudi nayo. Walitoa moja kwa kila nchi, Wakenya tulikuwa wawili, na iliyotolewa iko Nakuru.