Piano Katika Mbalamwezi: Tathmini ya Nakala ya Turubai

Michoro ya mbalamwezi huuzwa kwa wingi, na mingi kati yake hupakwa buluu kutoka pembe hadi pembe, kana kwamba usiku hauna rangi nyingine. Nakala hii ya turubai, inayoonyesha piano kubwa la ukumbini lililoachwa katika chumba ambacho mimea ya kutambaa imeingia kwa madirisha na kufunika kuta, haikufuata njia hiyo, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolisifu.

Mchoraji ametambua kwamba mwanga unapopungua, wekundu ndio unaotangulia kutoweka machoni petu. Maua yaliyochanua juu ya piano, ambayo kwa umbo lake ni waridi, yamepakwa kijivu kinachokaribia weusi, ilhali majani yanayoyazunguka yamebaki na mng'ao hafifu. Vivuli navyo vina kingo zilizo wazi, na ni sahihi viwe hivyo, kwa kuwa mwezi huonekana angani kwa upana unaokaribiana sana na wa jua, hivyo kingo za vivuli vyake hufanana na za vivuli vya jua.

Piano lenyewe nimelikagua kwa makini, maana hapo ndipo wachoraji wengi huteleza. Vibonye vyeusi vimepangwa viwili, kisha vitatu, kwa kupokezana, na kifuniko kimeinuliwa huku bawaba zikiwa upande wa kushoto wa mpigaji, kama yalivyo mapiano halisi ya aina hiyo. Baadhi ya vibonye vimezama na havikurudi juu. Anayejua namna unyevu unavyovimbisha mbao na kukwamisha mitambo ya ndani ataona kwamba chumba hiki kimevuja kwa misimu mingi. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pale ambapo shina jembamba limepanda katikati ya nyuzi zilizoshika kutu, likiufuata mwanga wa dirishani, kwa sababu hapo mchoraji hakuhitaji kumwonyesha mtu yeyote ili tuhisi kuondoka kwa wenye nyumba.

Kasoro iko katika uchapaji. Upande wa chini kulia weusi umekolea kupita kiasi, hata miguu ya piano haitofautiki na sakafu.

Mahali pa kuutundika mchoro huu pana uzito mkubwa. Mwaka 1880 mchoraji Arkhip Kuindzhi alionyesha mjini Saint Petersburg, Urusi, mchoro wake mmoja tu, wa usiku wa mbalamwezi kwenye mto Dnieper, ndani ya ukumbi uliotiwa giza huku taa ikiuangazia, na watu walipanga foleni kuutazama. Nashauri mnunuzi afanye vivyo hivyo kwa kiasi chake: ukuta usioelekea dirisha, na taa moja ya mwanga wa manjano iliyowekwa kando. Toleo la karatasi yenye mng'ao silipendekezi, kwa kuwa sehemu za giza, ambazo ni zaidi ya nusu ya mchoro, hugeuka kioo na kuonyesha samani za mtazamaji badala ya majani.