Uzoefu wangu: jinsi mama alivyopimwa baada ya kiharusi, Kigoma mjini

Nilimpeleka mama yangu, muuza mawese wa Ujiji, katika kliniki moja ya mazoezi tiba hapa Kigoma baada ya kiharusi kumdhoofisha upande wa kushoto. Mazoezi yao ni mazuri na sina la kulalamikia. Ninayoandika hapa yanahusu namna wanavyompima mgonjwa.

Walianza na kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965, ambacho huangalia mambo 10 kama kula, kuoga, kuvaa, kuzuia haja na kutoka kitandani hadi kitini. Mtaalamu alikifanya kwa uangalifu, akimtazama mama akitenda badala ya kuniuliza mimi. Mama alipata 85 kati ya 100: alikosa 10 zote za kupanda ngazi, na 5 za choo kwa kuwa bado anahitaji kushikwa. Sasa, nyumba yetu haina ngazi hata moja, ilhali choo chetu ni cha kuchuchumaa, na hicho ndicho kilichokuwa kikitutesa kila siku. Isitoshe, fomu hiyo haiulizi kama mgonjwa anaweza kubeba dumu, kurudisha chenji au kukaa msibani na wenzake, kwa hiyo mtu aweza kupata alama nyingi na bado asirudi sokoni.

Nilipoyaeleza hayo, walileta dodoso la Shirika la Afya Duniani, WHODAS 2.0, lenye maswali 36 kuhusu ugumu alioupata mtu katika siku 30 zilizopita, yakiwemo ya kazi, jamii na heshima. Hapo mama alizungumza kwa kirefu, akasema kuwa wateja wanaokuja nyumbani huniuliza mimi bei naye ameketi palepale. Mazoezi yakabadilishwa: kuchuchumaa na kuinuka kwa kushika nguzo, ambayo tuliisimika chooni, na kufungua dumu kwa mkono mmoja.

Kasoro ni moja, nayo si ndogo. Dodoso hilo lina swali kuhusu tendo la ndoa, na aliyekuwa akiuliza alilisoma mbele yangu bila kusita. “Mwanangu, hebu toka kwanza,” mama akaniambia, nami nilikwisha simama. Anayempeleka mzazi aombe vipimo vyote viwili tangu siku ya kwanza, na wakati wa maswali amwachie nafasi na mtaalamu wa jinsia yake.