Bafu la Psycho au bomu la Touch of Evil: tukio lipi halisahauliki?

Kwa mshtuko, filamu ya Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock inashinda. Mauaji ya bafuni yalichukua siku 7 kurekodiwa, ingawa kwenye skrini hayafiki dakika moja: picha fupi fupi zinakatwa upesi, na fidla za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann zinapiga kelele. Hitchcock mwanzoni hakutaka muziki pale. Zima sauti uone; nusu ya hofu inaondoka.

Mwanzo wa filamu ya Touch of Evil (1958) ya Orson Welles unakwenda kinyume kabisa. Bomu linategwa kwenye gari, kisha kamera inalifuata katika mitaa ya mji wa mpakani kwa zaidi ya dakika 3 bila kukata hata mara moja. Sisi tunajua, walio ndani hawajui. Kwa taharuki, sijaona linalolizidi.

Kulirudia? Hapo naegemea kwa Welles, maana kila mara macho yanapata kona mpya, ilhali mshtuko hupungua ukishaujua. Lakini anayetaka kujifunza uhariri aanze na bafu, alitazame polepole, mkato kwa mkato. Anayependa mwendo wa kamera aanze mpakani, kwenye lile gari.