Omega Speedmaster ya kujaza kwa mkono, baada ya mwaka mmoja Mwaloni

Kila asubuhi, kabla ya kupanga nyavu mbele ya duka langu hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huivua saa na kuijaza kwa kuzungusha kifundo chake kwa dole gumba na kidole cha shahada, nikisikia meno madogo yakilia chini ya ngozi, mpaka springi inapokaza na kugoma. Haina betri, wala haijijazi yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Jirani yangu muuza dagaa ameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mtu atumie fedha za kununua pikipiki tano za bodaboda kwa kitu kinachotaka kulishwa kila siku kama mbuzi wa kufungwa kamba. Baada ya kuivaa mwaka mzima naweza kumjibu kwamba kulishwa huko ndiko ninakokupenda, na kwamba udhaifu wake uko mahali pengine kabisa.

Saa yenyewe ni Omega Speedmaster Professional, ile inayoitwa saa ya mwezini. Ilitoka mwaka 1957 ikiwa imekusudiwa mashindano ya magari. Mwaka 1965 NASA, shirika la anga la Marekani, liliithibitisha kwa safari za angani, na Julai 1969 Buzz Aldrin aliivaa juu ya mwezi, huku Neil Armstrong akiwa ameiacha yake ndani ya chombo. Wauzaji huipenda sana hadithi hii. Mimi haikunishawishi, kwa sababu Aldrin alitembea huko kwa muda usiofika saa tatu, na mimi naivaa kwenye jasho la Machi.

Kilichonishawishi ni mashine. Ninayo ya aina ya 3861, iliyoanza kutumika kwenye toleo la kawaida la saa hii mwaka 2021, na ikijazwa kikamilifu huenda kwa saa 50. Nguvu ya springi kuu ikiachwa huru ingeisha kwa mara moja, kwa hiyo kuna kifaa kinachoiruhusu ipite kidogo kidogo, jino kwa jino, na hicho ndicho tunachokisikia kikigonga. Katika saa nyingi za ufundi wa kawaida jino husuguana na kito kwa kuteleza, na mteleko huo hutegemea mafuta, ambayo kadiri yanavyozeeka ndivyo saa inavyopoteza usahihi. Mwingereza George Daniels, aliyekuwa akitengeneza saa kwa mikono yake mwenyewe kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho, alibuni mpangilio ambao jino husukuma badala ya kuteleza, na Omega ikaanza kuutumia mwaka 1999. Ndio uliomo ndani ya saa hii. Hupiga mara 6 kwa sekunde, yaani mara 518,400 kwa siku, na kiwango ilichopimiwa kinaitaka isizidishe zaidi ya sekunde 5 kwa siku wala isichelewe hata moja. Nilipoilinganisha na simu kwa siku kumi ilikuwa imetangulia sekunde 21. Springi yake nyembamba kama unywele imetengenezwa kwa silikoni, hivyo sumaku haiisumbui, na kwa mtu ambaye meza yake ina spika kubwa ya redio hilo si jambo dogo.

Uso wake mweusi hauna namba za saa, ni mistari tu, jambo linalotufaa sisi ambao mshale ukielekea kwenye saba tunasema saa moja. Namba ziko kwenye duara la nje, nazo ni za kupimia mwendo: unabonyeza kitufe cha juu unapopita kigingi cha kilomita, unakibonyeza tena kwenye kigingi kinachofuata, na mshale mrefu unakuonyesha mwendo kwa saa. Nilijaribu nikiwa kwenye daladala ya Usagara. Sekunde 45 zilipita kati ya vigingi viwili na mshale ukasimama penye 80, wakati dereva akiapa mbele ya abiria kwamba hajavuka hamsini.

Kioo cha saa hii ni cha plastiki ngumu, ambacho kilichaguliwa kwa sababu hakipasuki vipande vipande. Katikati yake kimechorwa alama ndogo mno ya Omega, ambayo mimi huiona asubuhi tu, jua linapopiga majini na kurudi kwa pembeni. Hukwaruzika kwa urahisi. Nilikigonga kwenye mlango wa daladala, kwa uzembe wangu, na mkwaruzo ukatoka kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba.

Kuhusu maji, mnunuzi asidanganywe na maandishi ya mita 50. Hicho ni kipimo cha mgandamizo wa maji yaliyotulia. Hakimruhusu mtu kuzama nayo, na vitufe havipaswi kubonyezwa ndani ya maji. Rasharasha za mtumbwi inazivumilia. Anayetaka kuogelea ziwani achukue Seamaster, saa nyingine ya Omega, ya mita 300, ingawa Ziwa Victoria lenyewe kina chake kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo.

Sasa udhaifu wenyewe. Niliipeleka Makoroboi kwa fundi mzee anayekaa barazani na kisanduku chake cha vioo, nikitaka tu aitazame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Aliweka kioo jichoni, akaigeuza, akaisogeza sikioni na kunyamaza kwa muda mrefu.

"Inapumua vizuri," akasema, "lakini mimi siifungui. Vumbi la hapa barazani likiingia humo utanichukia mpaka kaburini."

Hakunitoza hata shilingi. Saa ya namna hii huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka mitano hadi minane, na kwangu hiyo ina maana ya kuisafirisha nje ya jiji, kuikatia bima na kukaa miezi kadhaa mkono mtupu. Gharama hiyo ihesabiwe siku ile ile ya kununua. Mimi nimeshaanza kuitengea fedha kila Jumamosi, ndani ya kopo, chini ya marobota ya nyavu.