Uzoefu wangu wa kunakili CD kwa Exact Audio Copy

Nilianza kuhamishia CD zangu kwenye kompyuta kwa programu ya kawaida ya kuchezea muziki, nikaridhika kwa sababu kila CD ilimalizika kwa dakika chache. Kosa nililigundua miezi kadhaa baadaye, siku niliyokuwa nikisikiliza kwa utulivu kipande cha piano inayopigwa peke yake: ulisikika mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjika, na kila niliporudia ulikuwa mahali palepale. Nilipoiweka CD yenyewe kwenye mashine ya sebuleni, mlio haukuwepo. Kompyuta ilikuwa imekosea kusoma, na programu haikuniambia lolote. Ndipo nilipohamia Exact Audio Copy, programu ya Windows iliyoandikwa na Andre Wiethoff, ambayo kwa matumizi ya nyumbani hailipiwi.

Wengi hudhani kunakili CD ya muziki ni sawa na kunakili faili jingine lolote, nami nilidhani hivyo. Katika CD ya data, sekta ya kawaida, yaani kipande kidogo kinachosomwa kwa mkupuo, hubeba baiti 2,048 za data na kuacha nafasi kwa ajili ya kinga ya pili dhidi ya makosa, ilhali katika CD ya muziki baiti zote 2,352 za sekta ni sauti, na sekta 75 husomwa kwa kila sekunde ya wimbo. Kinga ya kwanza ikizidiwa na mkwaruzo, kisomaji hukisia sauti iliyokosekana na kuendelea mbele. Exact Audio Copy, inapowekwa katika hali yake salama, husoma kila sekta zaidi ya mara moja na kulinganisha majibu. Yakitofautiana, huirudia sekta hiyo hadi majibu 8 kati ya 16 yafanane, na ikishindikana huandika katika ripoti ni dakika na sekunde gani zenye shaka.

Nililiona hilo kwa karibu kwenye CD moja iliyokwaruzika vibaya. Ilipofika wimbo wa saba, kisomaji kilipunguza kasi, kikawa kinavuma na kunyamaza, huku vijisanduku vyekundu vikijipanga kwenye kioo kimoja baada ya kingine. Wimbo huo mmoja ulichukua zaidi ya saa nzima, na ripoti bado ilitaja sehemu mbili zenye shaka. Niliitoa CD, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, si kwa kuzungusha, kisha nikarudia. Safari hii namba ya uhakiki, ambayo programu huikokotoa kutokana na data iliyosomwa, ilikuwa ileile kwa usomaji wa majaribio na kwa nakala, na hifadhi ya AccurateRip, ambayo hulinganisha nakala yako na zilizotolewa na watu wengine kutoka CD ileile, ilikubaliana nayo. Sijui programu nyingine iliyowahi kunipa utulivu wa moyo kama huo.

Mipangilio ya mwanzo inadai subira. Kila aina ya kisomaji huanza kusoma mbele au nyuma kidogo ya mahali panapostahili, kwa sampuli kadhaa, yaani vipimo vidogo kabisa vya sauti, na tofauti hiyo lazima iwekwe sawa kabla ya CD ya kwanza. Majina ya nyimbo yanayoletwa kutoka intaneti nayo nayakagua moja moja, kwa maana tahajia mara nyingi si nzuri.

Nakala zote nazihifadhi katika FLAC, aina ya faili la sauti lililobanwa. Sauti ya CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na FLAC kwa kawaida huipunguza hadi kati ya nusu na theluthi mbili bila kupoteza hata biti moja. Viwango vyake vya ubanaji, kuanzia 0 hadi 8, hubadilisha ukubwa wa faili na muda wa kulitengeneza tu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kiwango cha juu hufifisha sauti, kwani faili likifunguliwa hurejea lilivyokuwa.

Zimebaki CD mbili ambazo nyimbo zake za mwisho hazijakubali. Nimehifadhi ripoti zake katika folda moja na muziki, dakika zenye shaka zikiwa zimeandikwa, hadi nipate kisomaji kingine cha kuzijaribia.