Sedani zenye nguvu kwa familia ya Mtwara na Lindi: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Msimu wa korosho ukikolea na malipo ya mnada yakishapitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na kuingia akaunti, swali linalozunguka vijiweni kuanzia Masasi hadi Mikindani ni lile lile: ninunue Mark X au Crown? Wengine huongeza Subaru, na siku hizi wapo wanaoulizia BMW. Zote hizi zina nguvu kuliko mahitaji ya familia ya watu watano, na sioni ubaya wowote katika kuzipenda. Ila ukiishi huku kusini, kipimo cha kwanza si kasi. Ni umbali uliopo kati ya gari lako na spea yake.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Kitu kisichopatikana madukani hapa hupandishwa basi Dar, na gari linalala gereji likikisubiri. Barabara yenyewe nayo ina mambo yake. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata maeneo ya Somanga, waliokuwa safarini na watoto walikwama. Katikati ya vijiji vyote vya njiani mwendo ni 50, na trafiki wa tochi wapo. Nguvu ya injini utaihitaji sehemu moja tu: kulipita lori lililobeba saruji ya Dangote haraka, upande wa pili ukiwa mweupe, na kurudi upande wako bila kubahatisha. Kwa hiyo kazi, V6 (injini ya silinda sita) ya lita 2.5 inatosha kabisa. Nimezipanga nikiwa na hilo akilini.

1. Toyota Mark X ya pili (GRX130), lita 2.5

Ilitoka mwaka 2009 ikaendelea hadi 2019. Usiichanganye na ile ya kwanza, GRX120 ya 2004 hadi 2009, ambayo ndiyo imejaa mitaani. Ile ya kwanza iliandaliwa kwa petroli ya oktani ya juu (oktani ni kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati wake) inayouzwa Japani. Kwenye ya pili, Toyota waliishusha injini kutoka nguvu za farasi 215 hadi 203 ili iende vizuri kwa petroli ya kawaida. Vituo vyetu havikupi nafasi ya kuchagua oktani, hivyo hao farasi 12 waliopungua ni faida kwako. Ipo pia ya lita 3.5 yenye farasi 318, lakini hiyo inataka petroli ya juu na inakunywa zaidi. Tofauti ya bei, iweke kwenye tairi na bima.

Injini yake, 4GR-FSE, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, jambo la kushukuru. Ugonjwa wake unajulikana. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na huota masizi. Dalili ni injini kutetemeka asubuhi ikiwa ya baridi, imesimama. Fundi anayeijua atayasafisha hayo masizi; asiyeijua atakubadilishia plagi na koili moja moja mpaka mfuko uishe. Baadhi pia hula oili, basi chomoa stiki uangalie kila unapojaza tangi kwa safari ndefu. Badilisha oili kila kilomita 5,000, maana joto letu na vumbi letu haviruhusu kuvuta muda. Pampu ya maji huanza kuvuja taratibu, na ukiona alama nyeupe au za rangi chini yake, usipange safari ya Dar.

Jambo jingine watu hulipita: tairi. Zilizokuja na rimu za inchi 16 zina 215/60, yaani ukuta wa tairi wa milimita 129. Toleo la S lenye rimu za 18 lina 235/45, ukuta wa milimita 106. Zinapendeza ukiegesha Shangani jioni, lakini mwenye shughuli Newala au Tandahimba achague 16. Gari lenyewe liko chini, na kila sentimita ya mpira inalinda rimu na shokapu.

2. Toyota Crown Athlete (S200), lita 2.5

Ilitengenezwa kuanzia 2008 hadi 2012. Injini ni ndugu wa ile ya Mark X, kwa hiyo niliyoyasema juu ya masizi na oili yanaihusu hii pia. Ndani ni tulivu zaidi, na bibi akikaa nyuma kutoka Lindi hadi Muhimbili hatalalamika mgongo. Mbona basi ni ya pili? Bodi yake ni ndefu zaidi, taa na bampa zake ni ghali, na vifaa vya umeme ni vingi. Kama familia yako husafiri mara kwa mara na mzee, iweke ya kwanza na sitabishana nawe. Angalizo moja kwa zote mbili: matoleo mengi husukumwa na magurudumu ya nyuma na yana mgongo wa propela katikati ya sakafu, hivyo abiria wa tano ni mtoto. Kwenye tope la Januari, sukani uishike kwa adabu.

3. Subaru Legacy B4

Naiheshimu sana. Magurudumu yote manne husukuma, na kwenye mchanga au tope hilo ni jambo kubwa. Ile ya lita 2.0 yenye turbo iko chini ya cc 2,000, hivyo ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni asilimia 5 badala ya 10. Ila ya kabla ya 2009 ina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kufikia kilomita 100,000, na turbo haisamehe oili chafu. Lita 2.5 za zamani zisizo na turbo zina sifa ya kuvujisha gasketi ya silinda hedi. Inunue kama unaye fundi wa Subaru humu humu mjini, si kama unasikia yupo Dar.

4. BMW 3 Series (E90) na Mercedes C-Class (W204)

Kwa uendeshaji ni bora kuliko zote hapo juu, nasema kweli. Lakini E90 nyingi zilitoka kiwandani na tairi za kutembea bila upepo na hazina tairi ya akiba. Pancha kubwa kati ya Nangurukuru na Somanga usiku, na familia ndani, sitaki kuifikiria. W204 zenye injini ya M271 zina tatizo la cheni kulegea. Bila mashine ya kusoma kompyuta ya gari na fundi wa kuitafsiri, hapa zitakusumbua.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye kikokotoo cha TRA. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya 18, na gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa uchakavu. Bei ya Japani peke yake itakudanganya. Omba karatasi ya mnada wa magari wa Japani: ikiandikwa R, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kama ni gari lililotumika huku pwani, lipandishe jeki na ukague kutu chini, kwenye mabomba ya breki hasa. Chumvi ya bahari huanzia pasipoonekana.

Sasa bima. Bima ndogo, ambayo kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT, inamlipa uliyemgonga. Gari lako halimo. Kwa sedani ya thamani hii, chukua bima kubwa. Kiwango cha kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, kwa hiyo gari la milioni 25 ni 875,000, na VAT ikiongezwa ni 1,032,500. Usishushe thamani ili ulipe kidogo, kwani fidia nayo itashuka. Uliza waziwazi kama mafuriko yamo, sehemu gani ya hasara utaibeba mwenyewe, na kama kioo cha mbele kinalipwa. Rimu au muziki ulioongeza, vitaje viandikwe. Hamisha kadi ya gari iwe kwa jina lako mapema, maana madai yenye kadi ya mtu mwingine huzua ubishi. Ukishalipa, hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari ukiwa bado mbele ya wakala.