Nantes: kumbukumbu ya watumwa unayoweza kuikanyaga bila kujua

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na pale Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, ndipo penye maswali mazito kuliko pote. Kwa hiyo nilipofika Nantes, magharibi ya Ufaransa, nilikwenda kuitazama kumbukumbu yao kwa jicho la kazi: mgeni asiyejua kitu akiletwa hapa, ataondoka na nini?

Ataondoka na mengi, mradi ainamishe kichwa. Kumbukumbu ya Kukomeshwa kwa Utumwa iko Quai de la Fosse, gati la zamani kando ya mto Loire. Ilifunguliwa mwaka 2012, na ni kazi ya msanii Krzysztof Wodiczko pamoja na msanifu majengo Julian Bonder. Juu ni uwanja wa kupunga upepo tu, watu wanapita na baiskeli zao. Lakini chini ya miguu vimepachikwa vibao vidogo vya kioo 2,000. Katika hivyo, 1,710 vina majina ya merikebu na tarehe za safari zao za kununua watu. 290 vilivyobaki vina majina ya vituo na bandari za Afrika, Amerika na Bahari ya Hindi. Zaidi ya asilimia 40 ya safari za utumwa za Ufaransa zilitoka mji huu mmoja.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba karne ya 18, iliyojaza vibao hivyo, ndiyo hiyo hiyo wanayoiita Zama za Mwangaza, zama za akina Voltaire, mwandishi wa Kifaransa, na haki za binadamu. Voltaire aliandika kwa uchungu juu ya mtumwa wa miwa aliyekatwa mkono na mguu ili Ulaya ipate sukari. Kisha mwaka 1768 Montaudoin, tajiri wa Nantes wa ukoo uliotajirika kwa biashara hiyo hiyo, akaipa merikebu yake jina la Voltaire, na mwandishi akaitungia merikebu hiyo shairi. Wodiczko na Bonder hawakuhubiri juu ya jambo hili. Wameyaweka majina ya merikebu juu, juani, na maneno ya uhuru wakayateremsha chini.

Unashuka ngazi, unakutana na Tamko la Haki za Binadamu la 1948 na neno uhuru katika lugha 47. Kisha unaingia ndani ya tumbo la gati lenyewe. Upande mmoja kuna vioo vikubwa vilivyoinama, vimeandikwa vipande vya sheria, hotuba na ushuhuda. Upande wa pili, katikati ya nguzo za zege, mto uko hapo hapo. Maji hupanda na kushuka na bahari. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa.

Nina lawama moja, na ni kubwa. Merikebu zina majina, watu hawana. Kwetu Mkunazini, sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998 zimesimama shimoni na minyororo shingoni; nazo hazina majina, lakini zina nyuso, na nimeona wageni wakinyamaza mbele yake. Nantes sikuona mtu akisimama juu ya kibao. Najua uso nao una hatari yake: mwaka huo huo wa 1998 waliweka sanamu kwenye gati hili, ikavunjwa baada ya siku chache tu, na hasira ya tendo hilo ndiyo iliyousukuma mji kujenga kumbukumbu hii. Bado naona wangeweza kutupa hata mtu mmoja wa kumtazama.

Ndiyo maana nasema anzeni kwenye makumbusho ya kasri, Château des ducs de Bretagne. Humo mna michoro ya rangi ya merikebu La Marie-Séraphique. Mmoja unaonyesha watu 307 waliopakiwa, wamelazwa safu kwa safu. Mwingine unaonyesha siku ya kufunguliwa mauzo, Cap-Français, bandari ya nchi ambayo leo ni Haiti: upande mmoja wa sitaha watu wanauzwa, upande wa pili wanunuzi wamekaa wanakula. Nilisimama hapo muda mrefu.

Na msidhani ni habari ya upande wa Atlantiki peke yake. Mwaka 1776 Mfaransa Morice, mfanyabiashara wa Mauritius, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watu 1,000 kila mwaka. Ukiwa na wanafunzi wa Kiswahili Ulaya, waanzishie hapo.

Kumbukumbu haina kiingilio. Makumbusho ya kasri mnalipa. Kutoka kasri fuateni kwa miguu vibao vya maelezo vya barabarani mpaka gatini, mkipitia mtaa wa Feydeau mkatazame nyuso zilizochongwa kwenye kuta za nyumba za matajiri. Mliochoka, tramu ya laini ya 1 inashusha Médiathèque. Nendeni mchana: usiku sehemu ya chini hufungwa, na bila hiyo mtakuwa mmeona nusu tu.